Setilaiti Zinazeeka, Hisa Ziko Chini: Ununue au Upite?

Hoja: Februari 2007 kampuni ya simu za setilaiti ya Globalstar, ya Marekani, ilitangaza kwamba setilaiti zake zinapoteza uwezo wa kubeba mazungumzo. Hisa zikaporomoka, na baada ya hapo zikauzwa kwa bei ya kutupwa. Je, aliyenunua alikuwa mwekezaji au mcheza kamari? Na mtu akiletewa leo kampuni ya namna hiyo, afanyeje?

MWEKEZAJI: Naanza na bei, maana hapo ndipo watu hukimbia. Globalstar ilirusha setilaiti zake za kwanza kuanzia mwaka 1998. Roketi moja tu iliyoondoka Baikonur Septemba mwaka huo ilianguka na setilaiti 12 kwa mpigo. Mradi ulimeza mabilioni ya dola, wateja wakaja kwa kudonadona, na Februari 2002 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mwaka 2004 Thermo, kampuni ya uwekezaji ya Jay Monroe, ikauchukua mtandao mzima kwa dola milioni 43. Iridium, kampuni nyingine ya simu za setilaiti, nayo ni hivyohivyo. Motorola na wenzake walizamisha humo kama dola bilioni 5, ikafilisika Agosti 1999, mwaka haujaisha tangu ianze huduma. Dan Colussy na wenzake wakaiokoa kwa dola milioni 25, setilaiti zikiwa karibu kushushwa ziungue angani. Anayejenga anaumia, anayeokota anakula. Hiyo ndiyo historia ya biashara hii, na mimi napenda kuwa upande wa wanaookota.

MHANDISI: Mzee wangu, umemtaja aliyeokota mwaka 2004. Huyo hatumjadili, amekwisha kupata chake. Tunamjadili aliyeuziwa Novemba 2006, hisa zilipoingia sokoni kwa dola 17 kila moja. Huyo hakuokota kitu. Miezi kama mitatu baadaye akaambiwa kwamba vikuza mawimbi vya setilaiti vinachakaa haraka kuliko ilivyotarajiwa, na kwamba kwa kasi ile, wakati wowote ndani ya mwaka 2008 karibu setilaiti zote zitashindwa kubeba mazungumzo ya pande mbili.

MWEKEZAJI: Habari mbaya ikishatangazwa inakuwa ndani ya bei. Hofu ya wengi ndiyo punguzo langu.

MHANDISI: Inategemea hofu hiyo ni ya nini. Nieleze kidogo, maana hapa watu wa hisa huruka haraka mno. Simu ya Globalstar huongea na setilaiti kwa masafa ya aina moja, na setilaiti huijibu kwa masafa ya aina nyingine, ya juu zaidi. Kilichokuwa kinakufa ni vikuza mawimbi vya upande wa kujibu. Setilaiti inakusikia vizuri kabisa, ila sauti ya kukujibu haina. Na sababu kubwa iliyotajwa ni mnururisho wa angani, ambao hauna fundi. Betri ikichoka unaweza kuibana, mafuta yakipungua unaweza kuyatunza. Kifaa kilichopigwa na mnururisho kilomita 1,414 juu ya ardhi hukigusi.

MWEKEZAJI: Nyinyi wahandisi ndio mliosema setilaiti za Iridium zitaishi miaka mitano hadi minane. Zikafanya kazi karibu ishirini! Mtu aliyewasikiliza mwaka 2005 akauza kila kitu alikosa safari nzima.

MHANDISI: Kweli, na ni kwa sababu hiyo nakataa maneno haya ya jumla ya "mtandao umezeeka". Iridium na Globalstar ni rika moja, zilirushwa miaka ileile karibu. Iridium iko chini zaidi, kilomita kama 780, na kila setilaiti yake hupokezana mazungumzo na jirani zake mpaka yafike. Globalstar haikujengwa hivyo. Setilaiti yake hurudisha tu mawimbi ardhini, kwa hiyo lazima ikuone wewe na ikione kituo cha ardhini kwa wakati mmoja. Pasipo na kituo, hakuna simu. Ndiyo maana Iridium ilipopoteza setilaiti moja Februari 2009, ilipogongana na Cosmos 2251 ya Kirusi iliyokwisha kufa, juu ya Siberia, mtandao uliyumba kidogo na kuendelea. Akiba ilikuwapo angani. Ukiniuliza mtandao una miaka mingapi, sitakujibu. Niulize kinachokufa ni nini, na kikifa kinaondoka na huduma ipi.

MWEKEZAJI: Haswa! Umenisaidia bila kujua, kijana wangu. Kilichokufa ni upande wa kujibu. Upande wa kutuma ulikuwa mzima. Mwishoni mwa 2007 hao hao wakatoa kifaa kinachoitwa SPOT, cha kutia mfukoni. Unabonyeza, kinatuma mahali ulipo na ujumbe kwamba uko salama au unahitaji kuokolewa. Hakisubiri jibu. Mtandao ule ule mliokuwa mnauzika ukaanza kuokoa watu milimani. Hiyo ndiyo akili ya biashara: kiungo kimoja kimepooza, unatafuta kazi ya kilichobaki.

MHASIBU: Naomba niingie hapo, kwa sababu kifaa hicho nakisifu na mimi, lakini hebu tukione kwenye vitabu. Mteja wa SPOT alilipa kama dola 100 kwa mwaka mzima. Mteja wa simu ya sauti alikuwa na thamani mara kadhaa ya hapo. Mwaka 2006 mapato ya Globalstar yalikuwa kama dola milioni 136. Mwaka 2009 yalikuwa kama milioni 64. SPOT ilipunguza maumivu tu, pengo haikuliziba. Na wakati huohuo, mwishoni mwa 2006, kampuni ilikuwa imetia saini mkataba na kampuni ambayo baadaye iliitwa Thales Alenia Space wa kujengewa setilaiti mpya 48 kwa euro milioni 661. Sasa angalia mtego ulivyo. Mtandao ukizeeka, wateja wanaondoka. Wateja wakiondoka, fedha inapungua. Na mwaka huohuo fedha inapopungua ndipo bili ya mtandao mpya inapogonga mlango. Kampuni nyingine zikizeeka zinaweza kusubiri hali iwe nzuri ndipo zinunue mitambo. Hii haiwezi.

MTUMIAJI: Mnaongea kama wateja ni namba tu. Niseme kwa niaba ya tunaobeba hizi simu. Globalstar ilipoanza kusumbua, iliweka kwenye tovuti yake chombo cha kumsaidia mteja: unaingiza mahali ulipo, kinakuonyesha ni saa ngapi na dakika ngapi setilaiti yenye nguvu itapita juu yako, ili upige wakati huo. Kama ufundi, ni jambo la kusifiwa. Lakini simu ya setilaiti hununuliwa kwa ajili ya siku mbaya. Mvuvi wa Alaska aliyeingiwa na maji, mtu wa kisima cha mafuta katika Ghuba ya Meksiko upepo ukivuma, hawa hawapangi saa ya shida. Nyoka haumi kwa ratiba. Siku unapomwambia mteja asubiri dakika kumi na tano ndipo apige, umemwambia akanunue kwa jirani.

MWEKEZAJI: Na bado wengine walibaki.

MTUMIAJI: Walibaki kwa sababu bei ilishushwa na kupiga kukawa bila kikomo. Mteja anayekaa kwa urahisi wa bei ataondoka kwa urahisi wa bei. Tena sisi huku hata hatukupata nafasi ya kuondoka. Kwa ule mfumo wa vituo vya ardhini, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kati haikufikiwa kabisa na simu za Globalstar za kizazi kile. Porini Katavi au mashariki mwa Kongo utakuta Thuraya, Iridium na Inmarsat. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au Nairobi aliyetaka hisa za kampuni hii alikuwa ananunua kitu ambacho hata kukijaribu mkononi asingeweza.

MHANDISI: Hilo nalo ni la kuzingatia. Mwenye simu mkononi huona mtandao ukioza kabla mwenye hisa hajasoma taarifa.

MWEKEZAJI: Sawa, mmenibana kwenye wateja. Lakini wote mnasahau mali kuu ya kampuni hii, na haiko angani. Ni masafa. Leseni ya kutumia kipande fulani cha mawimbi, nchi baada ya nchi. Masafa hayachakai wala hayapigwi na mnururisho, na hayaongezeki. Desemba 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliiruhusu Globalstar kutumia sehemu ya masafa yake hata kwa minara ya ardhini. Kisha tazama mwaka 2022: Apple ikaanza kuuza simu ya iPhone 14 yenye uwezo wa kuomba msaada kwa setilaiti pale pasipo na mnara. Setilaiti za nani? Za Globalstar. Novemba 2024 Apple hiyohiyo ikakubali kulipa mapema dola bilioni 1.1 kwa ajili ya mtandao mpya, na kuongeza milioni 400 kwa asilimia 20 ya umiliki wa kampuni tanzu iliyoundwa kwa ajili hiyo. Mlikuwa mnaniambia nini kuhusu vikuza mawimbi?

MHANDISI: Sina ubishi kwamba masafa hayazeeki. Lakini leseni hupewa anayetoa huduma. Ukikaa na masafa angani pasipo na setilaiti ya kuyatumia, ataibuka mtu wa kudai yagawiwe upya. Yaani ile mali isiyozeeka ina uzi uliofungwa kwenye mali inayozeeka. Ni lazima utengeneze mtandao mpya ili uendelee kumiliki hewa.

MHASIBU: Na hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ndiyo kiini cha yote. Mtandao mpya ulitengenezwa kwa fedha ya nani? Mwaka 2009 Globalstar ilipata mkopo wa dola milioni 586 kutoka kwa benki za Ulaya, ukidhaminiwa kwa asilimia 95 na COFACE, shirika la Ufaransa la kudhamini mauzo ya nje. Setilaiti 24 zikarushwa kwa roketi za Soyuz, sita sita, kuanzia Oktoba 2010 hadi Februari 2013. Katikati hapo kukawa na matatizo ya magurudumu yanayoiweka setilaiti sawa angani, na mvutano na mtengenezaji uliofika kwenye usuluhishi. Tarehe zikasogea, riba haikusogea. Kila fedha ilipopungua, zilichapishwa hisa mpya, na Thermo ikatia mtaji wake na kupewa hisa zake. Kampuni iliyoingia sokoni ikiwa na hisa zaidi kidogo ya milioni 70 ikafikia karibu bilioni 1.9. Kampuni ilinusurika, ndiyo. Fungu la mwanahisa wa mwanzo likawa chembe.

MWEKEZAJI: Bora chembe ya kitu kizima kuliko nusu ya maiti.

MHASIBU: Tuipige hesabu basi, tuone chembe hiyo ina uzito gani. Februari 2025 hisa 15 ziliunganishwa kuwa moja. Chukua mtu aliyenunua hisa 1,500 mwaka 2006 kwa dola 17. Alitoa dola 25,500. Baada ya kuunganishwa ana hisa 100. Mwishoni mwa 2025 hisa hiyo ilikuwa imevuka dola 50. Tuseme 60. Ana dola 6,000. Miaka 19, kampuni imeokoka, setilaiti mpya ziko angani, Apple ni mteja na mbia, habari zote ulizozitaja kwa shangwe zimetokea, na yeye amepoteza zaidi ya robo tatu ya fedha yake. Arudishiwe tu alichotoa, bila hata senti ya faida, hisa ingepaswa kufika dola 255.

MWEKEZAJI: Umemchagua mtu wako, na mimi nina wangu. Mwishoni mwa 2008 hisa hiyohiyo ilikuwa chini ya dola moja, na ilirudi chini ya dola moja mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Tuseme mtu wangu alinunua hizo 1,500 kwa senti 50. Ametoa dola 750. Kwa bei yako ya 60 ana dola 6,000, mara nane. Kampuni ni ileile na setilaiti ni zilezile. Kilichotofautiana ni bei tu. Kwa hiyo usiniambie mtandao mkuukuu ni hasara. Niambie kununua ghali ni hasara, hapo tutaelewana.

MHASIBU: Mara nane kwa miaka 17, huku kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo akitazama hisa iliyolala. Na mwishoni mwa 2008 mkopo wa Ufaransa ulikuwa haujapatikana. Huyo mtu wako hakuwa anapima setilaiti wala masafa. Alikuwa anabahatisha kwamba maafisa fulani huko Paris watasaini, katikati ya msukosuko wa fedha wa dunia nzima. Wasingesaini, hesabu yake ingekuwa fupi sana.

MWEKEZAJI: Ndiyo maana alilipa senti 50 na si dola 17.

MHANDISI: Hapo Mzee ana haki yake.

MHASIBU: Anayo. Lakini kwa kila aliyelipa senti 50 akashinda, wapo waliolipa tatu, tano, tisa, kila mmoja akiamini bei imeshafika chini kabisa.

MHANDISI: Mimi nirudi kwenye muda wa leo, maana mkasa huu haujaisha. Zile setilaiti za kizazi cha pili zilitengenezwa ziishi miaka 15. Za kwanza zilirushwa 2010. Jumlisha. Mtandao mpya wa jana unakuwa mkuukuu tena, na mwaka 2022 kampuni ililazimika kuagiza nyingine 17 kutoka MDA ya Kanada kwa dola milioni 327. Mtandao wa setilaiti haununuliwi ukawa wako. Kila baada ya miaka kumi na tano hivi unaununua upya. Anayeona "sasa wamemaliza kujenga" ajue amefika katikati ya mzunguko.

MWEKEZAJI: Safari hii analipa Apple.

MHASIBU: Na anachukua. Apple imetengewa asilimia 85 ya uwezo wa mtandao. Kwa hiyo mwanahisa mdogo hana tena kampuni ya simu za setilaiti. Ana fungu katika mkandarasi wa mteja mmoja. Inaweza kuwa biashara nzuri. Ila si ile aliyoinunua, na siku mteja huyo akibadili nia, hakuna wa pili wa ukubwa huo.

MTUMIAJI: Na mkumbuke kuna wanaokufa bila kutangaza. Thuraya-3, iliyokuwa ikihudumia Asia na Pasifiki tangu 2008, ilipata hitilafu Aprili 2024 na haikurudi. Watu wa bahari na wa majangwa ya Australia wakabaki na simu ambazo ni vyuma tu. Thuraya ina setilaiti chache kubwa zilizosimama juu sana. Ikianguka moja, nusu ya dunia yako imezimika. Thuraya ina mwenye mali wa Abu Dhabi nyuma yake, na Thuraya-4 ikarushwa Januari 2025. Kampuni isiyo na mjomba wa namna hiyo ingefanyaje?

MHANDISI: Tena uzee wenyewe si adui pekee. Iridium ilimaliza kujenga upya mtandao wake wote mwanzoni mwa 2019, kwa karibu dola bilioni 3, roketi nane, hitilafu hakuna. Ukitafuta mtandao wa simu za setilaiti ulio kijana na mzima, ni ule. Mwanzoni mwa 2023 hisa yake ilikuwa juu ya dola 60. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa chini ya 20. Si kwamba setilaiti ziliharibika. SpaceX ilitangaza Septemba mwaka huo kwamba inanunua masafa ya kampuni ya EchoStar kwa kama dola bilioni 17, ili simu za kawaida ziongee na setilaiti moja kwa moja, na soko likaanza kujiuliza nani atahitaji simu yenye antena nene. Mtu aliyekwepa setilaiti kuukuu akakimbilia mpya, akakutwa na jambo ambalo halikuwa kwenye orodha yake.

MWEKEZAJI: Basi na hiyo Iridium ya chini ya dola 20 naitazama kwa jicho la mnunuzi.

MHASIBU: Najua. Hubadiliki.

MWEKEZAJI: Kwani wewe ungefanyaje? Umekosoa aliyenunua kwa 17, umekosoa aliyenunua kwa senti 50, umekosoa anayekaa na Apple. Ungekuwa pale mwaka 2009, fedha mkononi, kampuni inakufa na masafa yanang'aa, ungeweka wapi?

MHASIBU: Kwenye mkopo. Riba yangu inatangulia kabla mwanahisa hajaonja kitu, na kampuni ikianguka nadai kabla yake.

MWEKEZAJI: Mkopo! Bila wajinga kama mimi wa kutia mtaji chini yako, huo mkopo ungesimama juu ya nini? Setilaiti zilikuwa zinakufa, mmesema wenyewe. Wateja wanaondoka, umesema mwenyewe. Ungedhaminiwa na nani?

MHASIBU: Na serikali ya Ufaransa. Asilimia 95.

MWEKEZAJI: Basi na mimi naitaka dhamana hiyo.

MHASIBU: Haitolewi kwa wanahisa.